Nundu Mbili za Dzamandzar

Swali lenyewe lilikuwa la mstari mmoja, na lilibandikwa kwenye ubao wa chuo pale Mahajanga mwezi wa Juni 1986, chini ya ratiba ya mitihani: muwa ukishakatwa, husubiri saa ngapi kabla ya kufika kwenye kinu?

Kulikuwa na maswali mengine mawili pembeni yake. Mwalimu Daoud, aliyefundisha hesabu za uwezekano, alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba anataka wanafunzi watatu wa mwaka wa tatu wafanye utafiti wakati wa likizo ndefu, kila mmoja na swali lake. Mwisho wa Septemba watasimama mbele ya walimu waeleze walichokipata. Atakayeleta kazi bora ataendelea na mwaka wa nne Antananarivo kwa gharama ya chuo. Nafasi ilikuwa moja.

Hadidja Mchangama alichagua swali la miwa kwa sababu ndilo pekee ambalo hakuweza hata kulikisia jibu lake. La foleni ya kivuko cha Katsepy alilichukua Fazul, kijana aliyekaa daima dawati la mbele na kufuta ubao bila kuombwa.

Hadidja alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alilelewa Antanimasaja na bibi yake, Roukia, ambaye yeye na mtaa mzima walimwita Koko. Wazazi wake waliondoka kwenda Ngazidja mwaka 1977, mwaka ule ambao Wakomoro wengi waliondoka Mahajanga baada ya machafuko. Koko alikataa kupanda meli. Alisema amezaliwa hapa, na kaburi la mumewe haliwezi kutiwa sandukuni. Mjukuu akabaki naye.

"Na hiyo nafasi usipoipata?" Koko aliuliza siku ile ya tangazo, akichambua mchele.

"Nitafundisha watoto Tanambao. Mwalimu mkuu ameshaniahidi darasa."

"Darasa si jambo baya."

"Si baya, Koko. Ila nitakuwa nafundisha hesabu nilizokwisha kuzijua."

Koko alitupa punje mbovu nje ya mlango, akasema basi aende, lakini akafikie kwa watu wanaoeleweka. Watu hao walipatikana: Youssoufa, karani wa mizani ya miwa Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, na mkewe Echata, ambaye mama yake na Koko walichezewa ngoma ya harusi wiki moja.

Dzamandzar ulikuwa mji uliojengwa kuizunguka sukari. Kuanzia Juni hadi Novemba kinu hakikulala, na harufu ya maji ya miwa yanayochemka iliingia mpaka kwenye nguo zilizokunjwa. Miwa ilikuja kutoka mashambani kwa treni ndogo, mabehewa ya chuma yenye namba zilizochorwa ubavuni. Huko shambani, nyapara alipomaliza kupakia behewa aliandika tiketi: namba ya behewa, tarehe, saa. Tiketi ilining'inizwa kwa waya. Behewa lilipofika kwenye mizani, mlangoni kabisa pa kinu, Youssoufa alichomoa tiketi, akaitoboa kwenye msumari mrefu mezani kwake, kisha akaandika katika daftari lake namba, uzito na saa. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: saa ya mizani, toa saa ya tiketi, umepata muda wa kusubiri.

Siku ya kwanza Hadidja alipitia ofisini kwa kijana aliyeitwa Anli, aliyetunza daftari kubwa la kiwanda. Alimweleza swali lake kwa Kimalagasi, lugha ya kila mtu pale.

"Miwa husubiri?" Anli alisema bila kuinua kichwa. "Saa tano hivi. Saa sita."

"Umejuaje?"

"Kila mtu anajua."

"Nataka kuihesabu."

"Basi chukua daftari hili, ni safi, nimelinakili mwenyewe kila asubuhi."

Hadidja akakataa kwa adabu. Mwalimu Daoud alikuwa amewaonya wote watatu: nakala safi imeshapita mikononi mwa mtu, nendeni kwenye chemchemi. Chemchemi ilikuwa daftari la mizani, lenye madoa ya grisi na chai. Anli aliinua mabega, akarudi kwenye kazi yake.

Basi kwa wiki sita Hadidja alikaa kwenye kibanda cha mizani tangu asubuhi hadi alasiri, akinakili kurasa za Youssoufa kwenye karatasi za miraba na kuzilinganisha na tiketi za kwenye misumari, kuanzia siku ya kwanza ya msimu. Alasiri aliondoka kumsaidia Echata jikoni. Youssoufa alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Walisemezana Kikomoro, na kwa kuwa alikuwa mchache wa maneno, kazi ilikwenda.

Echata ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili.

"Mwanangu, umesoma miaka kumi na tano uje kuhesabu miwa? Mbuzi wangu huihesabu bila kwenda chuo."

"Mbuzi wako huila, mama."

"Ndiyo. Akimaliza anajua ilikuwa mingapi."

Wiki ya nne, Hadidja alichora grafu yake ya kwanza. Mlalo aliweka saa za kusubiri, wima idadi ya mabehewa. Alitarajia kilima kimoja. Vilitoka viwili. Kimoja kilisimama kwenye saa tano, kama alivyosema Anli. Cha pili, chembamba kidogo, kilisimama mbali huko, kwenye saa ishirini na tisa. Katikati yake hapakuwa na kitu, bonde tupu.

Aliitazama karatasi ile mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyemwambia habari ya nundu ya pili. Wakataji hawakuijua, Anli hakuijua. Ni yeye peke yake, duniani kote, aliyekuwa anaijua. Alitoka kibandani akatembea kando ya reli, na mahali fulani njia ilipogawanyika aliona mabehewa manne yamesukumwa pembeni, yamejaa miwa, yamesimama tu. Akaelewa, au alidhani ameelewa: kuna foleni mbili! Mabehewa yenye bahati yanapita moja kwa moja. Yasiyo na bahati yanasukumwa kwenye njia ya pembeni na kusahauliwa mpaka kesho yake. Usiku ule alianza kuandika milinganyo yake, na barua yake kwa Mwalimu Daoud iliondoka na meli ya kwanza.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, kwa Kifaransa, kwa wino wa kijani aliotumia mwalimu akifurahi. Nundu mbili, aliandika, ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta tangu niweke tangazo. Nimewaonyesha wenzangu. Ukiieleza vizuri, sioni nani atakayekushinda.

Echata aliomba asomewe. Aliposikia habari ya nundu alicheka mpaka akakaa chini.

"Umekuja kwetu kutafuta sukari, umepata ngamia!"

Hadidja naye alicheka. Lakini tayari kulikuwa na jambo dogo lililomkera, kama chembe ya mchanga kwenye wali. Nundu ya kwanza saa tano, ya pili saa ishirini na tisa. Ukitoa, inabaki ishirini na nne kamili. Si ishirini na mbili, si ishirini na sita na nusu. Miwa haijui saa. Kwa nini isubiri siku moja kamili, kwa dakika?

Jambo la pili alilipata maabara, alikokwenda kuomba ruhusa ya kuona vipimo vya utamu. Kila mtu Dzamandzar alijua kwamba muwa uliokatwa ukilala huanza kupoteza sukari. Basi mabehewa ya nundu ya pili yalitakiwa yawe na maji mepesi. Alichagua mabehewa thelathini ya nundu ya kwanza na thelathini ya pili, akapanga vipimo safu mbili. Zilikuwa sawa. Miwa iliyosubiri siku nzima ilikuwa tamu kama ile iliyosubiri saa tano.

"Labda miwa yetu ina imani," alisema fundi wa maabara.

Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya safari ya kurudi. Hadidja alikuwa na njia mbili. Angeweza kuketi aandike, awapelekee walimu nundu zao, na safu za utamu aziache mkobani; hakuna aliyemwomba azilete. Au angeweza kuuliza zaidi. Kuuliza kulikuwa ni hatari, na alilijua hilo, kwa sababu nundu ya pili ndiyo iliyokuwa tiketi yake ya Antananarivo. Lakini alikuwa ni mtu ambaye akiona kamba ina ncha, lazima aivute.

Jumanne saa tisa alasiri alichukua kipande cha chaki, akaenda shambani walikopakia miwa, na akatia alama ya msalaba kwenye mabehewa kumi yaliyokwisha kupewa tiketi. Siku ile hakwenda jikoni. Alijibanza kwenye kivuli cha ghala, mahali pa kuiona njia ya pembeni, akasubiri aone yapi yatasukumwa huko. Halikusukumwa hata moja. Jua lilipozama, matatu yalikuwa yameshapita kwenye mizani, na saba yalikuwa kwenye foleni nyuma ya kichwa cha treni, yakisogea polepole. Aliporudi nyumbani, Echata alikuwa amekwisha kumtangaza kwa majirani kuwa amepotea.

Asubuhi ya Jumatano alipita kwanza kwenye kinu. Mabehewa yake kumi yalikuwa upande wa pili, matupu, na misalaba yake bado ubavuni. Akaingia kibandani na kufungua daftari. Matatu yalikuwa kwenye ukurasa wa Jumanne. Saba yalikuwa kwenye ukurasa wa Jumatano. Behewa arobaini na saba, Jumatano, saa moja na dakika tano jioni.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Jumatano jioni ilikuwa haijafika.

"Baba Youssoufa," alisema taratibu, "arobaini na saba lilipita lini?"

"Jana jioni."

"Hapa umeandika Jumatano."

"Ndiyo."

"Leo ndiyo Jumatano."

"Na jana jioni pia. Magharibi ikishaadhiniwa, Jumanne imekwisha. Nikitoka kuswali nafungua ukurasa mpya." Alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyesahau alfabeti. "Jumatano ina usiku wake na mchana wake, mwanangu. Usiku hutangulia. Koko wako hakukufundisha?"

Koko alikuwa amemfundisha. Hilo ndilo lililomfanya Hadidja akae kwenye kiti cha kando ya misumari ya tiketi huku masikio yakimwaka. Nyumbani kwao Antanimasaja siku iliingia na magharibi tangu alipozaliwa. Usiku wa Ijumaa ulikuwa ule unaotangulia Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani uliingia jioni. Koko alisoma Yasini Alhamisi baada ya jua kuzama, kwa kuwa ilikwisha kuwa Ijumaa. Mwanafunzi mwingine yeyote, Mmalagasi wa bara au Mfaransa, angeufungua ukurasa ule, aone siku inaanza saa kumi na mbili na robo jioni na kuishia saa kumi na moja na nusu ya jioni inayofuata, na angepiga kelele. Hadidja alinakili kurasa sabini na mbili za namna hiyo na hakushtuka hata mara moja. Zilimkaa machoni kama zilivyokuwa zimemkaa nyumbani. Na nyapara shambani, kwenye tiketi, alibadilisha tarehe saa sita usiku kama serikali.

Kila behewa lililopita kati ya magharibi na saa sita za usiku lilikuwa limeongezewa siku nzima ambayo halikuisubiri.

Alikwenda ofisini kwa Anli, akaomba alione lile daftari safi alilolikataa siku ya kwanza. Behewa arobaini na saba: Jumanne, saa moja na dakika tano jioni.

"Tarehe za jioni za Mzee Youssoufa huwa nazirekebisha kila asubuhi," Anli alisema. "Miaka tisa sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisema mwalimu wako hapendi nakala safi."

Siku tisa zilizobaki alizitumia kurekebisha mistari mia nne na kumi na saba, mmoja mmoja, akiulinganisha kila mmoja na daftari la Anli. Echata alimletea chakula kibandani na, kwa mara ya kwanza, hakufanya mzaha. Grafu mpya ilikuwa na kilima kimoja tu, kifupi na kipana kama kichuguu. Wastani, saa tano na robo. Milinganyo ya foleni mbili haikuwa na kazi tena. Muda wa kuandika kitu kingine haukuwapo.

Siku ya kuondoka Youssoufa alimsindikiza hadi barabarani akiwa amebeba mkoba wake.

"Nimesikia nimekuharibia."

"Hujaniharibia, Baba. Daftari lako halina kosa hata moja."

"Najua halina," alisema Youssoufa. "Nilikuwa naogopa wewe hujui."

Walimu wanne walikaa kwenye madawati ya wanafunzi katika chumba cha chuo Mahajanga, asubuhi, madirisha wazi. Fazul alitangulia. Alikuwa amesimama kivukoni siku arobaini. Alionyesha kwamba kivuko kikiondoka kila saa moja na nusu badala ya kila saa mbili, foleni ingepungua kwa theluthi mbili. Majedwali yake yalikuwa safi. Hadidja mwenyewe aliyapenda.

Zamu yake ilipofika, alibandika ubaoni grafu ya nundu mbili, na akaona Mwalimu Daoud akitabasamu kwa wenzake. Kisha akabandika pembeni ile ya kilima kimoja, akaeleza: saa tano alizozikisia Anli siku ya kwanza, tofauti ya saa ishirini na nne kamili, utamu uliokuwa sawa, chaki, ukurasa unaofunguliwa magharibi. Hakumlaumu mtu. Alisema kosa lilikuwa la msomaji wa daftari. Tabasamu la mwalimu liliondoka kidogokidogo, likabaki la kiungwana tu.

Mwalimu mmoja mnene aliyekaa karibu na dirisha alikohoa.

"Kwa hiyo, binti, baada ya miezi miwili umegundua alichokuambia kijana wa ofisini siku ya kwanza?"

"Ndiyo, mwalimu. Ila yeye alikuwa anakisia."

Chumba kizima kilicheka, na yule mnene akacheka kuliko wote.

"Na usingetia hiyo chaki?"

"Mngekuwa na nundu mbili," Hadidja alisema, "na mngekuwa mmefurahi."

Wakati huu hakucheka mtu.

Jina lilibandikwa mchana kwenye ubao uleule. Lilikuwa la Fazul. Hadidja alilisoma mara moja tu, kwa kuwa halikuhitaji zaidi, akampa mkono Fazul, aliyekuwa ameona haya kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Mwalimu Daoud alimkuta kwenye ngazi.

"Fazul ana jibu," alimwambia. "Wewe ulirudi na swali lililokufa. Sikuweza kuwaambia watoe nafasi kwa hilo."

"Najua, mwalimu."

"Ungenyamaza ungeipata."

"Hilo pia najua."

Mwalimu alibaki amesimama naye, akigeuzageuza ile karatasi ya safu mbili za utamu ambazo hakuna aliyemwomba. "Umewahi kufikiria," akauliza, "ni nani aliyekufundisha kupima hivi?"

Hadidja alifikiri, akasema hapana, hakukumbuka. Alitaka tu kujua.

Koko aliposikia alimwambia aoge, ale. Oktoba Hadidja alianza kufundisha Tanambao, watoto sitini, jedwali la saba. Mwezi wa Mei Mwalimu Daoud alifika shuleni kwa baiskeli. Chuo kilikuwa kinapeleka wanafunzi wengine watatu Dzamandzar likizo ile, na hakuna mwalimu aliyetaka kwenda kuishi na harufu ya miwa. Alihitaji mtu wa kukaa nao. Hakukuwa na cheo, palikuwa na nauli na chakula.

"Nifanye nini huko?"

"Wasiamini kitu mpaka wewe uamini."

Alikwenda mwaka ule, na miaka kumi na saba baada yake, kila likizo ndefu, mpaka kinu kilipokaribia kufungwa. Kati ya waliopita mikononi mwake, sita walifika Antananarivo na mmoja, Kouraichia, binti wa fundi cherehani wa Antanimasaja, alikwenda mbali zaidi. Yeye mwenyewe hakuomba tena nafasi. Walipomuuliza sababu, alisema kule Antananarivo angepewa maswali ya watu, na hapa watu walimletea maswali yao.

Lakini asubuhi yao ya kwanza Dzamandzar, msimu wa 1987 ukiwa na wiki chache tu, hakuwa anajua lolote katika hayo. Aliingia kibandani na wanafunzi watatu nyuma yake, akamwamkia Youssoufa, akaomba daftari. Lilikuwa jipya. Ukurasa ulifunguliwa magharibi, kama kawaida. Lakini katikati ya ukurasa, baina ya behewa la mwisho kabla ya saa sita usiku na la kwanza baada yake, palikuwa na mstari mwembamba wa kalamu nyekundu uliopigwa kwa rula. Akageuza. Ukurasa wa pili, mstari. Wa tatu, mstari.

Pembeni mwa ule wa kwanza, kwa herufi za Kiarabu ambazo kati ya wote wanne walioingia ni yeye tu aliyeweza kuzisoma, Youssoufa alikuwa ameandika: Hapa ndipo siku ya Hadidja inapoanza.